Anayebebwa ni wa Mama

Mzee Wangwe alikata shauri lile akiwa amesimama, hata kiti alichopewa hakukalia, kama mtu anayeamua kesi ya mbuzi aliyekula mahindi ya watu.

"Mtoto anayebebwa ni wa mama," alisema. "Mtoto anayetembea ni wa boma. Siku atakayotembea kwa miguu yake mwenyewe, tunakuja kumchukua. Nimemaliza."

Na kweli alimaliza. Nani angemjibu? Getruda alikuwa ametoroka kwa mumewe Werema kule Machochwe, akakimbilia Nyansurura mbavu zinamuuma, mtoto wake Huruma mgongoni, na tumboni kuna mwingine ambaye hata yeye hakuwa amemjua bado. Kwao Biharamulo ni mbali. Kaka yake Faustino, aliyemleta huku kufuata dhahabu, ndiye aliyepokea ng'ombe wa Werema, akawauza mnadani, akapotelea machimbo mengine, Chunya sijui wapi. Ng'ombe wameshaliwa, mke amekimbia, sasa wamebaki watoto. Na Wangwe ni baba mdogo wa Werema. Basi hapo kuna kesi au kuna maigizo?

Huruma alitembea ana miezi kumi na moja. Wala hakubembelezwa. Jumapili moja alikuwa amesimama mlangoni ameshika fremu, akaona kuku, akaachia, akamfuata hatua sita nzima kabla ya kukaa chini pwaa. Getruda alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Mjinga yeye! Vigelegele vile vilifika Machochwe kabla ya jua kuzama. Jumatano Werema akaja na baiskeli, akamweka mtoto kwenye keria, akamfunga kwa mpira kama gunia la mkaa, akapanda, akaondoka. Hata maji ya kunywa hakuomba.

Baada ya miezi minne Getruda alikwenda kumwona, tumbo likiwa mbele yake kama beseni. Akamkuta Huruma anakimbia uani. Yaani anakimbia! Mtoto akamwona huyu mwanamke mgeni, akasimama, akageuka, akakimbilia nyuma ya sketi ya mke mkubwa wa Werema, akachungulia kwa jicho moja. "Mama," akamwambia yule mke mkubwa, akanyoosha kidole kwa Getruda kama anaonyesha mbwa.

Getruda alirudi kwa miguu, kilomita zote zile, na njia nzima alikuwa na wazo moja tu. Kama miguu ndiyo inayowaleta hawa watu, basi huyu wa tumboni hatakuwa na miguu.

Chrispin alizaliwa machimboni Gesarwa, ng'ambo kidogo ya Nyansurura, mwaka ule bei ya dhahabu ilipopanda mpaka walimu wakaacha chaki wakashika sululu. Maduara yalikuwa yamefumuka kila mahali, mashimo marefu hayana hata kamba pembeni. Mbuzi akipotea watu hawamtafuti porini, wanachungulia chini. Getruda alikuwa anaponda mawe kwa nyundo pamoja na wanawake wengine, chini ya turubai, kila mtu na kokoto zake, kila mtu na mtoto wake.

Pembeni yake alikaa Akech, Mjaluo wa Shirati, mwanamke wa maneno na kucheka. Binti yake Sheila na Chrispin walipishana wiki moja tu kuzaliwa. Mwanzoni walikwenda sawasawa kama ng'ombe wa jembe. Shingo zikakaza pamoja mwezi wa tatu. Wakajigeuza kifudifudi pamoja. Mwezi wa sita wakakaa, Sheila akianguka kushoto, Chrispin akianguka kulia, wanawake wakicheka mpaka nyundo zinawagonga vidole.

Mwezi wa nane Chrispin akaanza kutambaa. Tena huyo hakutambaa, huyo aliogelea. Ukifumba jicho yuko kwenye mawe ya jirani.

Kesho yake Getruda alikuja na pipa. Pipa la dizeli lililokatwa nusu, kingo zimekunjwa kwa nyundo zisikate, chini katandika gunia na kanga kuukuu. Akamtia mtoto humo ndani.

"Mama Chris, umeanza kufuga sungura?" Akech akauliza.

"Maduara, Mama Sheila. Huoni maduara? Juzi tu wametoa ndama wa watu kule."

"Ni kweli," wanawake wakasema. "Bora hivyo. Mama mwenye akili huyo." Wawili wakaenda kutafuta mapipa nao, ila hao waliwatoa watoto mapema, mchana, jioni, wakati wa kula. Wa Getruda alitoka pale kwenda mgongoni, akatoka mgongoni kwenda kitandani, na kitandani kafungwa kanga miguuni eti mbu.

Lakini mtoto ni mtoto. Humfundishi mtoto kusimama, anasimama tu, kama muhogo unavyochipua hata ukiuacha stoo. Mwezi wa kumi Getruda aliinua macho kutoka kwenye mawe akaona vidole vinane vimeshika ukingo wa pipa. Halafu nywele. Halafu macho mawili yanacheka. Chrispin kasimama, anatikisika kama mlevi wa Jumamosi, anamtafuta mama yake amwonyeshe.

Wanawake wengine walikuwa wameinamia kazi. Getruda akaweka nyundo chini. Akaingiza mkono ndani ya pipa kama anamrekebishia nepi, akashika nyama ya mguu nyuma, pale chini ya goti, kwa kidole gumba na cha shahada. Akafinya. Akazungusha.

Mtoto akapiga kelele, akakaa.

"Nini tena?" Akech akauliza.

"Siafu," Getruda akasema.

Siku ile kulikuwa na siafu mara tano. Kesho yake mara nane. Usiniulize kama aliumia moyo. Aliumia, usiku alikuwa anapaka yale madoa mafuta ya ng'ombe na kuyabusu, halafu asubuhi anaanza upya. Kila akisimama, vidole. Akikaa, ananyonyeshwa, anaimbiwa, anapewa kiazi. Samaki mkunje angali mbichi, si ndivyo wanavyosema? Baada ya wiki tatu hakuhitaji hata kumgusa. Mtoto akianza kushika ukingo, Getruda anakutanisha vidole viwili hewani mbele ya kifua, taratibu, kama anayetoa uzi kwenye kanga. Mtoto anaona. Anashuka mwenyewe.

Miguu ikalala, mikono ikaamka. Si alikuwa hana kingine cha kufanya humo? Getruda alimtupia vijiwe, naye akajifunza kuviokota kwa ncha za vidole, hata kidogo kama punje ya mtama, na kuvipanga kwa rangi kwenye ukingo. Ana mwaka na miezi mitatu alikuwa anachagua jiwe lenye mng'aro haraka kuliko wanaume wenye ndevu. Wanaapolo, ndio hao wachimbaji wa mashimoni, walikuwa wanasimama kumtazama.

"Huyu mkae naye vizuri," alisema Olima, mmoja wao, mtu wa masihara. "Miguu hana lakini macho yake ni mashine."

"Kiwete na bahati," mwingine akasema. "Mwenyezi Mungu hanyimi vyote."

Neno likashika. Kiwete. Mtoto wa kwenye pipa. Sheila alikuwa ameshatembea zamani, ana miezi kumi na mbili, sasa anakimbia, anapanda chungu ya mchanga na kuteremka kwa makalio, anakuja kwenye pipa kumpelekea Chrispin ndizi aliyoing'ata yeye kwanza. Watoto wakubwa walikuwa wakipita wanapiga lile pipa kwa fimbo, ngwe, ngwe, "Kiwete toka nje!" na Chrispin anacheka, anadhani ni ngoma. Getruda hakuwafukuza. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati lake mwenyewe. Pigeni, pigeni. Yasikike mpaka Machochwe.

Mtu mmoja tu alimtisha. Nesi Jerioth, anayekuja kupima watoto kila mwezi, anatundika mizani kwenye mti. Siku moja alimshika Chrispin kwapani akamning'iniza juu ya meza, nyayo zikigusa ubao. Miguu ikajinyoosha yenyewe, ikakanyaga, moja, mbili.

"Anasimama akishikilia kitu?"

"Hapana."

"Hajawahi?"

"Hajawahi, nesi."

Jerioth akamlaza, akakunja goti, akanyoosha, akaona vidoa vyeusi nyuma ya miguu. Akamtazama Getruda muda mrefu kidogo.

"Hii miguu haina ugonjwa," akasema. "Mweke chini. Aanguke, aumie, ainuke, ndiyo shule yake hiyo. Mtoto si mche wa mpapai wa kukaa kwenye kopo."

"Sawa, nesi."

Mwezi uliofuata Getruda hakwenda mizani. Wala uliofuata.

Chrispin alikuwa na mwaka na miezi kumi walipokuja. Kiangazi, saa nane mchana, vumbi limesimama hewani. Wanawake waliwaona wakitokea kwenye njia ya mwalo, kule mchanga unakooshewa: Werema mbele na kofia yake, Mzee Wangwe na fimbo, na katikati mama yake Werema, bibi mfupi, mkavu, anayetembea kama mtu anayefuata deni la ng'ombe.

"Shikamoo, mama," Getruda akasema, akipiga goti.

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Nani, mama?"

"Usinichezee, wewe mwanamke wa kuja. Mwanangu hana mtoto mwingine hapa."

Bibi akaenda moja kwa moja kwenye pipa, akamtoa Chrispin mwenyewe kwa mkono mmoja, akamkalisha chini mbele ya watu wote. Nyundo zilikuwa zimenyamaza. Wanaapolo walishaanza kusogea. Machimboni hakuna sinema.

"Wanasema karibu miaka miwili na hatembei," bibi akasema. "Nimezaa tisa. Hakuna aliyefika mwaka anatambaa. Kwa hiyo ama huyu si wetu, ama kuna mchezo." Akagonga magoti yote mawili kwa kifundo cha kidole. Akapitisha ukucha chini ya unyayo. Vidole vikajikunja. "Huu mguu uko hai. Wangwe, tafuta mtu achimbe."

"Achimbe nini, shemeji?"

"Shimo. Unazeeka mpaka unasahau ulivyosimamishwa wewe?"

Hata wanawake wengine waliitikia kwa kichwa. Mtoto mzito wa kusimama huko vijijini anachimbiwa kashimo, anatiwa wima mpaka kiunoni, anashindiliwa udongo laini, anaachwa hapo asubuhi na jioni mpaka miguu ikumbuke kazi yake. Olima akatema mate mikononi, akashika sululu.

"Bibi, hapa nilishachimba mwaka jana. Hakuna dhahabu."

"Chimba, mura, kijana we. Usinichekee."

Watu wakacheka. Getruda naye alijilazimisha kucheka.

Wakamtia. Bibi mwenyewe akashindilia udongo kwa viganja, taratibu kabisa, hata huwezi kusema alikuwa mkali. Na Chrispin, aliyezoea kuona dunia kutoka ndani ya chuma, sasa alikuwa wima katikati ya uwanja, hakuna ukuta, watu pande zote. Akatazama huku, akatazama huku. Akapiga udongo kwa mikono miwili. Akacheka, kicheko kile cha tumboni.

"Anafurahi!" mtu akasema.

Bibi akaanza kuchota udongo. Kiunoni ukaisha. Mapajani ukaisha. Mtoto kasimama. Akachota mpaka magotini, akaondoa mikono yake, akajivuta nyuma.

Kasimama. Mikono imenyanyuliwa kama jogoo anayetaka kuruka, matako yanatetemeka, lakini kasimama. Werema akavua kofia. Mzee Wangwe akasema, "Eeh!" Umati ukaanza kupiga makofi ya mdundo, polepole, na bibi akachota tena, sasa udongo uko vifundoni tu, akanyoosha mikono yake kwa mbele. "Njoo, tata, baba yangu. Njoo kwa bibi."

Chrispin akainua unyayo mmoja kutoka kwenye udongo. Halafu akageuza kichwa. Alikuwa anamtafuta mama yake amwonyeshe.

Getruda alimwona anavyocheka. Alikiona kijino kilichovunjika kwa kugonga pipa. Kichwani akamwona pia Huruma nyuma ya ile sketi, jicho moja, kidole. Akainua mkono mpaka kifuani na akakutanisha vidole viwili, taratibu, kama anayetoa uzi kwenye kanga.

Mtoto alikatika magoti palepale. Akaanguka kwa uso, udongo ukamjaa mdomoni.

Bibi alimwinua, akampangusa, akamsimamisha tena. Miguu ikajikunja. Akamsimamisha mara ya pili, Chrispin akalia, akaning'inia mikononi mwake miguu imekunjwa tumboni kama ndama anayepelekwa mnadani. Mara ya tatu bibi mwenyewe akamwachia aanguke, hakumdaka.

"Basi," Werema akasema. Alikuwa amevaa kofia tena. "Mimi sijazaa kiwete. Kwetu hakuna."

"Kwetu hakuna," bibi akarudia, akipangusa udongo mikononi kwa kuukung'uta juu ya mtoto. "Nilidhani ana miguu. Ni upepo tu ulimsimamisha. Mbaki naye. Hata akiota mabawa, msimlete Machochwe."

Wangwe akainua fimbo. "Mmesikia wote. Ni wa mama yake, mpaka kaburini. Nimemaliza."

Wakaondoka walivyokuja, bibi katikati. Olima akapiga mbinja, akasema, "Haya, rudisheni udongo wa watu shimoni," watu wakacheka, wakatawanyika.

Getruda alikaa chini na Chrispin mapajani, analia, na watu walidhani analia aibu. Akech peke yake alibaki amesimama mbele yake, Sheila kiunoni.

"Mama Chris. Niliona vidole vyako."

"Hukuona kitu."

"Yaye." Akech akamhamishia Sheila kiuno cha pili. Halafu akasema, "Sawa. Sikuona. Lakini siafu wale sasa nimewajua."

Jioni ileile Getruda alilibiringisha pipa mpaka kwenye duara lililoachwa, akalisukuma, akasikiliza likigonga kuta mpaka chini kabisa. Alirudi nyumbani anakimbia. Ameshinda! Hakuna Werema, hakuna baiskeli, hakuna boma. Akafagia sakafu, akatandika gunia, akamweka mtoto katikati ya chumba, akajivuta hatua tatu, akapiga magoti, akafungua mikono.

"Haya, baba. Simama. Njoo."

Chrispin alikaa. Akamtazama mikononi.

"Simama, mwanangu. Sasa ruksa."

Akamshika kwapani, akamwinua. Miguu ikapanda tumboni. Akamshusha, akamwinua. Akamnyooshea magoti kwa nguvu, yakarudi. Akaweka muwa mbali. Akaweka kiazi kwenye stuli. Mtoto akasota kwa makalio mpaka kwenye stuli, akanyoosha mkono, hakufika, akaacha. Mtoto mwenye njaa, kiazi kiko shibiri moja juu ya kichwa chake, na akaacha.

Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Alimchimbia shimo lake mwenyewe nyuma ya nyumba. Mtoto alilia mpaka akatapika, mama akamtoa. Alimwombea kwa mchungaji. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akamsimamisha ukutani, "Simama! Si ulikuwa unataka? Simama!" akamchapa kofi la mguu. Ndiyo, yeye. Aliyemfinya kwa kusimama sasa anamchapa kwa kukaa. Mtoto wa watu akajikunja kama jongoo, hakulia hata, akaziba miguu yake kwa mikono yote miwili, ile mikono yake hodari.

Tangu siku ile Getruda akaogopa mikono yake mwenyewe. Akahamia kazi ya kuosha mchanga mwaloni, ng'ambo ya bonde, akawa anamwacha Chrispin kwa Akech kutoka asubuhi mpaka saa kumi.

Siku kama ya kumi na mbili hivi Akech akamsubiri njiani.

"Kwangu anatembea," akasema.

"Usinitanie, Mama Sheila. Nimechoka."

"Alianza Jumanne. Anamfuata Sheila. Alishika turubai, akaachia, akaenda. Nilikuwa sitaki kukwambia."

"Kwa nini hukutaka?"

Akech alikuwa ameshaanza kuondoka. "Njoo kesho mchana," alisema. "Ila pita nyuma, kwenye magunia ya mchanga. Usijionyeshe."

Alikuja. Alijibanza nyuma ya magunia kama mwizi wa kuku. Na akaona. Mwanawe alikuwa anatembea, tumbo mbele, mikono juu, nyayo zimepanuka kama za bata. Alikwenda hatua tano, akaanguka, akacheka, akaweka viganja chini, akainua matako kwanza, halafu kichwa, akaenda tena. Sheila akamsukuma. Akaanguka. Akainuka akamsukuma na yeye. Wanawake wa nyundo walikuwa wanamshangilia, "Twende baba! Twende mura!" na Olima alikuwa amechuchumaa mbele kabisa, kafungua mikono, na Chrispin alikuwa anamwendea, anamchekea, macho kwa macho.

Ilimshinda. Getruda alitoka nyuma ya magunia, mikono wazi, "Chris! Baba yangu!"

Mtoto akageuka. Kicheko kikazima usoni kama taa ya betri. Akakaa chini, haraka, kwa adabu, kama mwanafunzi aliyeona mwalimu mkuu.

Hakuinuka tena siku hiyo mpaka alipobebwa kwenda nyumbani.

Miezi ikaenda. Mvua ikaja, ikakata. Kwa Akech alijifunza kurudi nyuma, kuruka kijiti, kupanda chungu ya mchanga. Haya yote Getruda aliyaona kwa kuchungulia kati ya gunia na gunia, mguu umemfa ganzi, kanga mdomoni. Na mchana mmoja Akech, bila kugeuza kichwa, nyundo ikiendelea kugonga, alimwambia kwa sauti ya chini:

"Mama Chris, kaa hapohapo. Nakuomba, usitoke. Leo anakimbia."